MIZANI HAIMPIMI MAMA PEKE YAKE

Siku ya kupima watoto, mizani hutundikwa kwenye tawi la mti au kwenye boriti ya ofisi ya kijiji. Mtoto huvuliwa nguo nzito, huwekwa kwenye mizani, na mara nyingi hulia. Mpimaji husoma kilo. Kisha huweka alama kwenye kadi. Baada ya hapo watu wote humtazama mama.

Uzito ukiwa mzuri, mama husifiwa. Uzito ukiwa mdogo, mama hulaumiwa. Huambiwa kwamba ni mvivu, au hajui kulea. Wengine hunong'ona kwamba mtoto amebemendwa. Baba mara nyingi hayupo. Mwenyekiti wa kijiji naye hayupo. Hakuna anayewauliza wao lolote.

Ndugu msomaji, je, lawama hii ni ya haki? Ni kweli kwamba uzito wa mtoto uko mikononi mwa mama yake? Na mtu mzima aliyenenepa kupita kiasi, au aliyekonda, je, makosa yote ni yake mwenyewe? Hebu tulitazame jambo hili kwa makini, kwa sababu ni jambo la uhai na kifo.

Uzito unatuambia nini?

Mtoto mwenye afya huongezeka uzito kila mwezi. Mtoto aliyezaliwa na kilo 3 huwa na kilo 6 hivi anapofika miezi mitano. Akitimiza mwaka mmoja huwa na kilo 9 au zaidi kidogo. Mstari kwenye kadi yake hupanda. Mstari ukilala, au ukishuka, ni dalili ya hatari. Mtoto anaweza kuwa bado anacheza na kucheka, lakini mwili wake umeanza kukosa kitu.

Mambo mawili hushusha uzito wa mtoto. La kwanza ni chakula kisichotosha. La pili ni ugonjwa, kama kuhara, malaria au surua. Mambo haya mawili husaidiana kumwangusha mtoto. Mtoto mgonjwa hataki kula. Mtoto asiyekula hana nguvu za kupambana na ugonjwa. Kwa hiyo huugua tena, na tena hukonda.

Na kubemenda je? Wazee wetu waliona jambo la kweli. Waliona kwamba mama akipata mimba mapema, mtoto anayenyonya hudhoofika. Lakini sababu yake si uchawi, wala si mama au baba kutembea nje ya ndoa. Mtoto hudhoofika kwa kuwa ameachishwa maziwa kabla ya wakati, na chakula anachopewa badala yake hakitoshi. Mama naye amechoka, na mwili wake unalisha watu wawili.

Mtu ni afya

Mwaka 1973 Tanzania ilikuwa na kampeni kubwa ya elimu ya afya kwa njia ya redio na vitabu. Jina lake lilikuwa "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi. Walisikiliza redio, wakasoma, wakajadiliana. Baada ya kujadiliana walikwenda kuchimba vyoo, kufyeka majani, na kufukia madimbwi ya mbu. Mwaka 1975 ilifuata kampeni nyingine iliyoitwa "Chakula ni Uhai".

Kampeni hizo zilitufundisha jambo muhimu. Mtu hawezi kukaa tu akingoja daktari. Yapo mambo mengi ambayo mtu anaweza kuyafanya mwenyewe, leo, bila fedha nyingi.

Mama anaweza kumnyonyesha mtoto maziwa yake peke yake kwa miezi sita ya kwanza, bila kumpa maji wala uji. Baada ya hapo aanze kumpa chakula laini, na aendelee kumnyonyesha mpaka afike miaka miwili au zaidi. Anaweza kupika uji mzito badala ya uji mwepesi kama maji. Anaweza kutia karanga zilizosagwa, maziwa, yai, dagaa waliosagwa, au mafuta kidogo. Anaweza kumpa mtoto mboga za majani na matunda. Anaweza kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kumlisha. Mtoto akiwa mgonjwa asimnyime chakula. Akipona, amwongezee.

Mambo haya yote ni kweli. Tuyashike. Lakini tusiishie hapo.

Siku moja ya palizi

Tuchukue mfano. Ni mwezi wa Januari, wakati wa palizi. Mama mmoja amempeleka mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu kupimwa. Mstari kwenye kadi umeshuka.

"Mama, mtoto hajaongezeka tangu mwezi uliopita," nesi anasema. "Anakula mara ngapi kwa siku?"

"Mara mbili, nesi. Asubuhi na usiku."

"Mtoto huyu anatakiwa ale mara nne au tano. Tumbo lake ni dogo. Haliwezi kubeba chakula cha siku nzima kwa mara mbili."

"Nimesikia, nesi."

Mama huyu amesikia kweli. Amelisikia somo hilo mara nyingi, na analijua kwa moyo. Lakini hebu tuitazame siku yake.

Anaamka saa 11 alfajiri. Anakwenda mtoni kuchota maji. Anarudi saa 1 asubuhi. Anawasha moto, anapika uji, anamlisha mtoto. Saa 2 anakwenda shambani. Shamba liko mbali. Mtoto anabaki nyumbani na dada yake mwenye umri wa miaka saba. Dada huyo ameachiwa kiporo cha ugali. Ugali umekuwa mgumu, na mtoto hana meno ya kutosha ya kuutafuna.

Saa 9 mchana mama anaacha kupalilia. Njiani anaokota kuni. Akifika nyumbani anakuta unga umekwisha. Anachukua debe la mahindi kichwani, anakwenda mashine ya kusaga katika kijiji cha jirani. Anarudi jua likiwa limezama. Ugali unaiva saa 2 usiku. Wakati huo mtoto amekwisha lala. Anaamshwa, anakula matonge mawili, analala tena.

Sasa tujiulize. Mama huyu akiambiwa mara mia moja kwamba mtoto ale mara nne, somo hilo litamsaidia nini? Hakukosa elimu. Amekosa saa za mchana. Na saa hizo zimechukuliwa na mto ulio mbali, mashine iliyo mbali, kuni zilizo mbali, na jembe ambalo mara nyingi analishika peke yake.

Tunaweza kuendelea kuuliza. Kwa nini hakuna kisima karibu? Baba yuko wapi wakati wa palizi? Maharage yaliyovunwa mwaka jana yalikwenda wapi? Nani aliamua yauzwe yote? Fedha zake zilinunua nini? Tukiuliza hivyo, tunatoka jikoni kwa mama. Tunafika kwa baba, kwa serikali ya kijiji, wilayani, mpaka taifani.

Vijiji 168 vya Iringa

Maswali kama haya yaliwahi kuulizwa na vijiji vingi kwa pamoja. Ilikuwa katika Mkoa wa Iringa. Wakati ule mkoa huo ulikuwa mkubwa kuliko sasa, kwa sababu Mkoa wa Njombe haukuwa umetengwa. Ulitengwa mwaka 2012.

Mpango wa lishe wa Iringa ulianza mwaka 1983. Serikali ya Tanzania ilishirikiana na mashirika mawili ya Umoja wa Mataifa, lile la afya na lile la watoto. Fedha za msaada zilitoka Italia. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa mwaka 1973, ilitoa wataalamu. Mpango ulianza katika vijiji 168.

Jambo kubwa katika mpango huo lilikuwa mizani. Lakini ilitumiwa kwa namna mpya. Kila baada ya miezi mitatu kijiji kilikuwa na siku ya afya. Watoto wote wa chini ya miaka mitano walipimwa. Kisha hesabu haikubaki kwenye kadi ya mama. Ilipelekwa kwa kamati ya kijiji na kwa serikali ya kijiji. Viongozi waliambiwa: Watoto wetu wangapi wako kwenye njia ya kijani? Wangapi wako kwenye kijivu? Wangapi wako kwenye nyekundu, yaani wako karibu na kifo?

Baada ya kupima, watu walitafuta sababu. Baada ya kutafuta sababu, walifanya kazi waliyoweza kwa nguvu zao na mali yao. Baada ya miezi mitatu walipima tena. Wakaona kama kazi ile imesaidia au haikusaidia. Kupima, kutafuta sababu, kutenda. Kisha kurudia tena. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yao.

Sababu zilipangwa katika ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni chakula kidogo na magonjwa. Ngazi ya pili ni mambo ya nyumbani na kijijini: akiba ya chakula, nafasi ya kumtunza mtoto, maji, usafi na zahanati. Ngazi ya tatu ni mambo makubwa: uchumi, ardhi, bei, na namna mali na madaraka vinavyogawanywa. Mwaka 1990 shirika la watoto la Umoja wa Mataifa liliichukua njia hii ya kupanga sababu, likaanza kuitumia katika nchi nyingi za dunia. Mengi ya mafunzo yake yalitoka kwa wanavijiji wa Iringa.

Walifanya nini? Vijiji vilichagua wahudumu wa afya wao wenyewe, wakafundishwa. Vilianzishwa vituo vya kulelea na kulishia watoto wadogo wakati mama zao wako shambani. Watu walijifunza tena kutumia kimea.

Kimea hiki ni kile kile kinachojulikana na watengenezaji wa pombe. Ulezi huloweshwa usiku mmoja, huachwa uchipue kwa siku mbili au tatu, huanikwa na kusagwa. Mama hupika uji mzito sana. Ukipoa kidogo, hutia kijiko kimoja cha kimea na kukoroga. Uji mzito hulainika na kuwa wa kunyweka. Kisha huuchemsha tena kabla ya kumpa mtoto. Kwa njia hiyo kikombe kimoja huwa na unga mwingi, na mtoto hushiba kwa chakula cha kweli, hashibi maji.

Matokeo yake yalikuwaje? Mwaka 1984, katika kila watoto 100 wa vijiji vile, watoto 56 walikuwa na uzito pungufu. Mwaka 1988 walikuwa 38. Watoto waliokuwa na hali mbaya kabisa walikuwa 6 katika kila 100. Walishuka wakawa chini ya 2. Tukumbuke kwamba miaka ile nchi ilikuwa katika shida kubwa ya uchumi. Bidhaa zilikuwa adimu. Hata hivyo watoto waliongezeka uzito.

Akina mama wa Iringa hawakuwa wavivu mwaka 1984 kisha wakawa hodari mwaka 1988. Walikuwa ni wale wale. Kilichobadilika ni kwamba hawakuachwa peke yao.

Ghala limejaa, mtoto amedumaa

Hata hivyo kazi hiyo haijaisha. Mwaka 2022 ulifanyika utafiti wa afya nchi nzima. Ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Mtoto aliyedumaa ni mfupi kuliko umri wake. Udumavu huja polepole, kwa kukosa lishe bora na kuugua mara kwa mara, kuanzia tumboni mwa mama mpaka miaka miwili. Mtoto huyo hupata shida hata katika masomo.

Na ni mikoa gani iliyoongoza kwa udumavu? Ni Iringa, ambako zaidi ya nusu ya watoto wamedumaa. Njombe na Rukwa zilifuata, kila mmoja ukiwa na kiasi cha nusu. Mikoa hii yote ni ghala la taifa. Inalima mahindi, maharage, viazi na matunda. Inalisha miji.

Wengi hushangaa. Lakini wewe uliyesoma habari za siku ya palizi hutashangaa sana. Chakula kikiwa shambani au ghalani hakijafika bado kinywani mwa mtoto. Mahindi yakiwa mengi lakini mtoto akala ugali mtupu mara mbili kwa siku, atadumaa. Maharage, maziwa na mayai yakipelekwa sokoni yote, atadumaa. Mama mjamzito akibeba mizigo mizito mpaka siku ya kujifungua, bila kupumzika na bila chakula cha kutosha, mtoto atazaliwa mdogo. Mahali penye kazi nyingi ya kilimo, mama ndiye mwenye kazi nyingi zaidi.

Jambo hili linatufundisha pia kwamba kazi ya lishe haina mwisho. Haiwezi kufanywa miaka mitano kisha ikaachwa.

Chumvi na rovu

Yapo mambo mengine ambayo mtu mmoja hawezi kuyaondoa hata akijitahidi namna gani. Mfano ni rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo. Zamani rovu lilikuwa limeenea sana katika nyanda za juu za nchi yetu.

Rovu huletwa na ukosefu wa madini joto katika chakula. Mvua za miaka mingi zimeyaosha madini hayo kutoka katika udongo wa milimani. Kwa hiyo mahindi hayana, mboga hazina, hata maji hayana. Mkulima anaweza kulima kwa bidii na kula vizuri, na bado akapata rovu. Mama mwenye upungufu huo anaweza kuzaa mtoto mwenye akili pungufu. Je, tutamlaumu?

Dawa yake haikuwa lawama. Katika miaka ya 1980 watu wa sehemu zilizoathirika walianza kupewa vidonge vya mafuta yenye madini joto. Katika miaka ya 1990 serikali iliweka kanuni kwamba chumvi ya kula itiwe madini hayo kiwandani. Leo mama akinunua chumvi yenye madini joto dukani, anawalinda watoto wake bila kutumia hata saa moja ya siku yake. Wajibu wake ni kuchagua chumvi hiyo. Wajibu wa wengine ni kuhakikisha kwamba ipo dukani.

Uzito uliozidi

Sasa tutazame upande mwingine wa mizani. Siku hizi nchini mwetu tuna matatizo mawili kwa pamoja. Watoto wamedumaa, na watu wazima wengi wana uzito uliozidi. Utafiti ule wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba zaidi ya wanawake 3 katika kila 10 wenye umri wa miaka 15 mpaka 49 wana uzito uliozidi. Hali hii ni kubwa zaidi mijini, lakini vijijini nako imefika.

Uzito uliozidi huongeza hatari ya kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Zamani tulisema kwamba unene ni dalili ya afya na mali. Sivyo.

Hapa pia mtu anao wajibu wake. Apunguze soda na sukari. Apunguze vyakula vya kukaanga. Ale mboga, matunda na nafaka zisizokobolewa. Atembee na kufanya kazi za mwili. Apime sukari na shinikizo la damu.

Lakini hapa pia tusikimbilie kucheka wala kulaumu. Watu wengine hunenepa upesi kuliko wenzao kwa sababu ya mwili waliorithi kwa wazazi. Mtu anayeshona nguo au kuuza duka mjini hukaa kutwa nzima. Jioni anachokipata karibu na kwa bei rahisi ni chipsi na maandazi. Matunda ni ghali kuliko soda.

Tena kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Mtoto akikosa lishe tumboni mwa mama, mwili wake hujizoeza kuishi kwa chakula kidogo. Akizaliwa akiwa mdogo sana, kisha ukubwani akanenepa, yuko katika hatari zaidi ya kupata kisukari na shinikizo la damu kuliko mtu aliyezaliwa na uzito mzuri. Kwa hiyo mtu wa miaka 50 anayeugua kisukari leo huenda anabeba njaa ya miaka 50 iliyopita, wakati alipokuwa bado hajazaliwa. Tutamwambiaje kwamba kosa lote ni lake?

Kila mtu na kazi yake

Wahenga walisema: Mkono mmoja haulei mwana. Basi tugawane kazi.

Kazi ya mama ni kunyonyesha, kumpeleka mtoto kupimwa, na kumpa chakula cha mchanganyiko kila anapoweza. Akiwa mjamzito ahudhurie kliniki mapema na ameze vidonge vya kuongeza damu.

Kazi ya baba ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Abebe maji na kuni kwa baiskeli au kwa mkokoteni. Ashike jembe. Apunguze kazi za mke wake akiwa mjamzito na anaponyonyesha. Kabla ya kuuza mavuno, akae na mke wake wahesabu chakula cha nyumbani mpaka mavuno mengine. Fedha za alizeti zisiishie kilabuni. Siku ya kupima mtoto, naye aende.

Kazi ya kijiji ni kuijua hali ya watoto wake. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Matokeo yake yasomwe katika mkutano mkuu wa kijiji, bila kutaja jina la mtoto yeyote. Yafuatwe na uamuzi. Pengine ni kuchimba kisima. Pengine ni kutafuta mashine ya kusaga. Pengine ni kuanzisha kituo cha kulelea watoto wakati wa palizi.

Kazi ya serikali ni maji, zahanati, barabara, dawa na wataalamu. Serikali imeziagiza halmashauri zitenge Sh. 1,000 kila mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano, kutoka katika mapato yao wenyewe, kwa ajili ya lishe. Fedha hizo haziletwi mkononi mwa mama. Ni za kazi za lishe. Hebu tufanye hesabu. Kijiji chenye watoto 200 kinahusika na Sh. 200,000 kila mwaka. Mwananchi ana haki ya kumwuliza diwani wake, kwa heshima na bila hofu: Fedha za watoto wetu zilitengwa? Zilifanya kazi gani?

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mtoto wa jirani akionekana amekonda, usimnong'one mama yake. Mwulize anahitaji msaada gani. Na kilo zitakaposomwa siku ya kupima, kila mmoja wetu ajiulize: Sehemu yangu katika kilo hizi ni ipi?

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Mambo gani mawili hushusha uzito wa mtoto? Yanasaidianaje?

2. Mama katika mfano wetu alijua kwamba mtoto anatakiwa kula mara nne au tano. Kwa nini hakufanya hivyo?

3. Hesabuni saa ambazo akina mama wa kijiji chenu hutumia kwa siku kuchota maji, kutafuta kuni na kusaga. Saa ngapi zinaweza kupunguzwa? Kwa njia gani?

4. Katika nyumba zenu, nani huamua mavuno kiasi gani yauzwe? Je, utaratibu huo unawafaa watoto?

5. Watoto wangapi wa kijiji chenu walipimwa mara ya mwisho? Wangapi walikuwa na uzito pungufu? Kama hamjui, nani anaweza kuwaambia?

6. Chagueni jambo moja ambalo kikundi chenu kinaweza kulifanya kabla ya siku ijayo ya kupima watoto. Chagueni na jambo moja la kuipelekea serikali ya kijiji.